Uhamiaji wa Mashetani: Hotuba ya Mtaalamu Pekee wa Fani Hiyo

Waheshimiwa wageni, wenyeji wa Goma, na ninyi mliofuata soda: nawasalimu kila mmoja kwa kiwango kinachomstahili. Shahada ninayoitumia leo nilijitunuku mwenyewe, kwa kuwa katika ukanda mzima wa Maziwa Makuu hakuna chuo chenye mtu wa kunitahini katika fani ya uhamiaji wa mashetani. Fani hii ina andiko moja tu la msingi, nalo ni filamu: Constantine, iliyoongozwa na Francis Lawrence na kutolewa mwaka 2005, Keanu Reeves akiwa mhusika mkuu. Wachungaji wameijadili kana kwamba inahusu dini, vijana kana kwamba inahusu bunduki yenye umbo la msalaba. Wote wamepotea. Filamu hii inahusu mpaka, vibali, na afisa wa uhamiaji aliyechoka na kazi, na kwa sababu hiyo Los Angeles haina mamlaka ya kuifasiri. Mamlaka hayo ni ya mji ulioegemea mpaka, wenye Grande Barrière kwa watu wa magari na heshima zao, na Petite Barrière kwa wamama wenye nyanya vichwani.

Tuanze na sheria, maana mtaalamu huanza na sheria. Katika filamu hii Mungu na Shetani wamewekeana dau juu ya roho za wanadamu, na sharti la dau ni kwamba hakuna malaika kamili wala shetani kamili atakayekanyaga kwetu. Wanaruhusiwa kunong'ona tu. Wanaoishi kati yetu ni wale wa nusu, nusu-malaika na nusu-shetani, ambao mimi nawaainisha kama wageni wenye kibali cha ukaazi chenye masharti. Angalieni Balthazar, shetani anayevaa suti nadhifu kuliko mwendesha mashtaka. Ni dhahiri makaratasi yake yamekamilika. Kazi ya John Constantine ni kuwakamata wanaovunja masharti na kuwarudisha makwao. Tazameni pia anavyotambulishwa: yuko kitandani kwa msichana ambaye ndani yake kuna shetani kamili anayejaribu kupenya. Mchungaji ataita hali hiyo kupagawa. Sisi wa mpakani tunaita kusafiri kwa kadi ya mpiga kura ya mtu mwingine.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Filamu inafunguka Mexico, ambako maskini mmoja anayeokoteza katika magofu anafukua ncha ya mkuki uliomchoma Yesu ubavuni, ikiwa imefungwa ndani ya bendera ya Manazi. Ng'ombe wanakufa anapopita, naye anaelekea kaskazini mpaka Los Angeles, kwa watu wanaojua thamani ya alichobeba. Mzigo mdogo, bei kubwa, unafukuliwa na mtu asiyejua bei yake, unavuka mpaka usiku na kumfikia mteja ambaye hakushika sepeto. Kama kuna mtu hapa kutoka Masisi, hasa pande za Rubaya kwenye koltani, nadhani nimeshaeleweka, na sina haja ya kutaja mtu. Mteja mwenyewe ni Mamoni, mwana wa Shetani, anayetaka kuhamia duniani bila kumwambia baba yake. Anahitaji mkuki huo, anahitaji mwanamke mwenye kipaji cha kuona yasiyoonekana, na anahitaji mkubwa wa upande wa pili atakayefumba macho. Mkubwa huyo ni malaika Gabrieli. Hapa naomba tusikimbie, kwa sababu Gabrieli hakuhongwa. Gabrieli ana nadharia: anaamini kwamba wanadamu huonyesha utu wao wakati wa mateso tu, basi tuwaletee mateso ya kutosha wapate kuwa watu. Ndiyo maana ni hatari kuliko mla rushwa, kwani mla rushwa akishashiba hufunga ofisi. Goma imewahi kusikia nadharia hiyo ikitolewa na watu waliofika kwa ndege na kuondoka kwa ndege.

Sasa pingamizi. Wapenzi wa katuni wananinyooshea kidole: Constantine halisi alizaliwa mwaka 1985 katika kurasa za Swamp Thing, kwa mikono ya Alan Moore na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben, kisha akapata jarida lake, Hellblazer, lililodumu kuanzia 1988 hadi 2013 kwa matoleo 300. Ni Mwingereza mwenye nywele za dhahabu, mtu wa Liverpool anayezurura London. Filamu imemfanya Mmarekani mwenye nywele nyeusi. Wanaita hayo uharibifu. Mimi nayaita ombi la uraia lililokubaliwa. Ili aingie Hollywood ilimbidi abadilishe nywele, lafudhi na anwani, na hakuna aliyewahi kuvuka mpaka wowote wa maana kwa masharti mepesi kuliko hayo. Wachunguzeni na wenzake: Reeves alizaliwa Beirut na kukulia Toronto, mwongozaji alizaliwa Vienna, Djimon Hounsou ni mzaliwa wa Benin, Shetani mwenyewe ni Peter Stormare wa Sweden, na Rachel Weisz na Tilda Swinton ni wazaliwa wa London. Seti nzima ilikuwa foleni ya viza. Na wanaodai kwamba katuni haihusiani na uhamiaji wakumbuke Tintin, aliyeingia Kongo kupitia gazeti la Brussels mwaka 1930 bila kuulizwa hati yoyote, akiwa amechorwa na mtu ambaye hakuwa amefika huku hata kwa matembezi.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa imani, wanaosema kwamba mbinguni na kuzimu si nchi, kwa hiyo haziwezi kuwa na vibali. Ningewajibu kwa Kilatini, lakini nitawahurumia na kuwajibu kwa milima. Katika mapokeo ya kale ya Ryangombe, yanayojulikana pande zote mbili za mpaka huu, marehemu aliyekuwa ameingizwa katika ibada hiyo alikwenda kustarehe na Ryangombe kwenye baridi ya Karisimbi, na asiyeingizwa alitupwa katika moto wa Nyiragongo. Swali la kwanza lilikuwa umeingizwa au hukuingizwa; mengine yalifuata. Hati kwanza, tabia baadaye. Utawala wa kisasa umethibitisha jambo hilo bila kukusudia, kwani jiji hili lina komine mbili, Goma na Karisimbi, hivyo sehemu kubwa ya wakazi wake tayari wana anwani ya peponi, ingawa barabara za pepo hiyo zingefaa kuangaliwa. Constantine naye amenaswa hapo hapo. Alijiua akiwa kijana, akawa maiti kwa dakika mbili, akarudishwa, lakini faili lake la juu lilikuwa limeshafungwa. Anadhani akirudisha mashetani wengi atahurumiwa. Gabrieli anamwambia waziwazi kwamba ofisi haifanyi kazi hivyo. Mwishoni anajitoa kwa ajili ya roho ya mwingine, kibali kinatoka, anaanza kupaa, na Shetani kwa hasira anamtia mkono kifuani na kung'oa saratani ya mapafu ili aendelee kuishi na kutenda dhambi. Ni mara ya pekee katika historia ya sinema ambapo mtu anatibiwa saratani ili anyimwe viza.

Pingamizi la tatu ndilo la watu wenye akili, nami nalipokea kwa mikono miwili. Wataalamu wa volkano wanasema kuzimu ya kweli haipangi foleni. Mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, huua mbuzi na watu bila kuonekana na bila kupiga hodi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Watu mamia kwa maelfu walikimbia, wengi wao kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 wakakimbia tena. Je, aliulizwa nani jetoni ya kuvukia mpaka usiku ule? Hoja ni kali, lakini inasahau filamu yenyewe. Shetani anapokuja mwenyewe kumchukua Constantine, saa inasimama na kila kitu kinatulia. Akishaondoka, saa inaendelea na sheria zinarudi mahali pake. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Watu walirudi mwaka 2002 wakikanyaga lava ambayo bado ilikuwa ya moto, foleni ya Petite Barrière ikapangwa upya, na mawe yale meusi yakavunjwavunjwa yakawa kuta za nyumba. Hollywood ilitengeneza kuzimu kwa kompyuta: Los Angeles ile ile ikiwaka, na upepo usiokoma. Hawakumwonyesha mtu hata mmoja aliyejenga uzio kwa mabaki yake.

Ninalo lawama moja tu kwa filamu hii, nalo ni Chas. Huyo ni dereva kijana wa Constantine. Kwenye klabu ya Papa Midnite, ambayo ni eneo lisiloegemea upande wowote, mlinzi wa mlangoni ananyanyua kadi na kumtaka kila mgeni aseme picha iliyo upande asioweza kuuona. Constantine anapatia na kupita. Chas anabaki nje. Baadaye Chas anafia kazini, na mabawa yake tunaonyeshwa baada ya majina ya watendaji kupita kwenye skrini, watu wakiwa wameshaanza kutafuta usafiri. Mwaka 2022 Warner Bros. walitangaza mpango wa sehemu ya pili. Ushauri wangu wa kitaalamu ni kwamba wamfufue kijana huyo na kumpa kiti na meza pale Petite Barrière, asubuhi, wamama wakiwa wameshafika. Nipo tayari kwenda kuwafafanulia. Nauli nitajilipia mwenyewe hadi mpakani. Kutoka hapo makaratasi ni juu yao.