Namna ya Kumiliki Geti Kali Chanika kwa Mshahara Uleule

Dalali atakwambia mambo matatu kuhusu kiwanja cha Chanika: kipo dakika 5 kutoka lami, umeme na maji vipo, na eneo limetulia. Yote ni kweli, ukijua kuyasikiliza. Dakika 5 ni za bodaboda asiyeogopa kufa, tena kiangazi. Umeme na maji vipo, ila mtaa wa pili. Na kutulia limetulia kweli. Ukipiga chafya usiku, mbwa wa Msongola wanakuitikia.

Umenunua, umejenga msimu kwa msimu, umehamia dari halijapigwa. Hongera, umeachana na kodi ya mwenye nyumba. Sasa tuongee bili.

Wenzako wanaokaa kwenye nyumba za geti kali wanalipa ada moja ya huduma kila mwezi: humo mna mlinzi, taka, bustani, jenereta na bwawa la kuogelea. Huduma zote hizo na wewe unazo. Tofauti ni kwamba kwako hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko, maana meneja ni wewe, na mteja ni wewe. (Kama unataka mji wa namna hiyo usio na bili kabisa, uliwahi kujengwa Kigamboni: Dege, mradi wa NSSF wa nyumba zaidi ya 7,000. Ujenzi ukasimama 2016. Nyumba isiyokaliwa na mtu haina LUKU wala pesa ya taka.)

Anza na maji, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuzeesha. Nunua tangi la lita 5,000, lipandishe juu ya mnara wa zege ili majirani wajue umefika. Mabomba yakikauka, kama mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likawekwa kwenye mgao, piga simu kwa mwenye boza. Atakuuliza tangi lako la lita ngapi, umjibu, naye atakuja na boza la lita 10,000. Hapo una njia mbili: ulipie maji yote na nusu arudi nayo, au ugongee jirani mgawane. Jirani atafurahi sana. Atafungua tangi lake, atasimamia mpira mwenyewe, atakushukuru kwa jina la ubin, na hela yake utaipata mwisho wa mwezi, mwezi wenyewe hakuutaja. Mvua ikiwa imeharibu njia, boza haliji kabisa. Litasimama kwenye lami na utanunua kwa dumu kutoka kwa kijana wa toroli. Ukipiga hesabu ya dumu la lita 20 mpaka zifike lita 1,000, ambayo ndiyo uniti moja ya DAWASA, acha hiyo hesabu katikati. Haina faida kwa mwenye presha.

Wakusanyaji watakuja wenyewe, huna haja ya kuwatafuta. Kawaida yao ni Jumapili asubuhi, chai ikiwa mezani.

"Shikamoo baba. Ulinzi shirikishi."

"Marahaba. Si nilitoa juzi?"

"Ile ilikuwa ya taka, baba."

Usibishane naye, ana kitabu cha risiti na wewe huna hata moja kati ya zile alizokupa. Mwulize tu, kwa heshima, hao walinzi wanapita saa ngapi. Atakwambia wanapita usiku, wewe ukiwa umelala, na hiyo ndiyo dalili kwamba ulinzi unafanya kazi.

Barabara ya ndani ina bajeti yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Katibu ataweka orodha ya wachangiaji wa kifusi, jina na kiasi, na tiki ya kijani kwa aliyelipa. Kila akilipa mmoja, orodha nzima inarushwa upya, na jina lako lisilo na tiki linapita mbele ya macho ya watu mara kumi kwa siku. Hakuna kampuni ya kukusanya madeni inayofikia mbinu hii. Lipa. Kifusi kitamwagwa, masika yataingia, na kati ya Machi na Mei utakuwa na lile bwawa la kuogelea, mbele ya geti kabisa, pamoja na vyura.

Kuhusu choo, andaa hela ya gari la kunyonya. Wapo wanaookoa gharama hiyo kwa kutapisha usiku mvua kubwa ikinyesha. Kabla hujawaiga, angalia nyumba yako iko mlimani au bondeni.

Mandhari ni bure. Ukielekea mjini unapata msitu wa Pugu, mnada wa ng'ombe wa Pugu, na dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako taka za jiji hupelekwa, na zako pia, ikiwa kijana wa toroli la taka hazimwagi korongoni. Nauli ndiyo siyo bure: bodaboda mpaka lami, daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka Posta, na jioni uanze upya. Treni ya SGR ina stesheni Pugu tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, lakini ratiba yake inamfikiria zaidi anayekwenda Morogoro na Dodoma kuliko anayewahi kusaini kazini.

Mwisho wa siku utafanya kama wote: utajenga vyumba viwili uani upangishe, vilipe hizi bili. Hapo ujifunze LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo; ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu, kwa hiyo ile ramani ya ghorofa irudishe kabatini. Ukinunua umeme wa 2,000 tarehe 1, kodi inachukua 1,500. Jero iliyobaki, baada ya makato ya VAT, REA na EWURA, inakupa uniti 4 na ushee, na hiyo ni kama uko kwenye tarifu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizoea kuzidi, unahamishiwa tarifu nyingine, na uniti inaruka kutoka shilingi 100 hadi 292 kabla ya makato. Ndiyo maana friji za Chanika nyingi ni kabati zuri la unga.

Kodi ni ya mwenye jengo, lakini mita mnayotumia wote haimjui mwenye jengo. Inamjua aliyetangulia kununua. Basi siri ni hii: kuanzia tarehe 30 usinunue. Mpangaji naye hatanunua, hesabu hii anaijua vizuri kuliko wewe. Umeme utaisha. Kaa kimya sebuleni, simu ukiifunika. Atakuja kugonga.

"Baba mwenye nyumba, umeme umeisha au umekatika?"

"Umekatika."

"Mbona kwa jirani unawaka?"

Mwambie jirani ana sola.