Jirani na kivuli cha ghorofa

Tangu Kamina iwe makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, DR Kongo, mwaka 2015, nyumba ya udongo ikibomolewa ili ghorofa isimame, jirani hugeuka fundi wa mipango miji: madirisha yatachungulia ua wake, mwembe utakosa jua. Choo kuchimbwa karibu na kisima chake, hapo namuunga mkono. Lakini akidai parseli ni ya babu, sheria ya Julai 1973 inamkatiza: ardhi ni mali ya Serikali, yeye ana haki ya kuitumia tu. Utasema mwenye ghorofa naye ni hivyohivyo. Kweli, ndiyo maana pingamizi na ombi la kibali humwendea mwenye mali yuleyule, ambaye bado anatafuta muhuri.