Asifiwe Anayejua Kwa Nini Merlin Hakumroga Uther

Ng'ombe wameimbiwa. Jembe limeimbiwa, mtama umeimbiwa, hata fisi ana hadithi zake. Ila sijakutana na mtu aliyemwandalia sifa yule bwana anayebaki kwenye benchi la banda la video pale Ziba, Igunga, sinema imekwisha, mwenye banda anakunja nyaya, naye bado anawaeleza wenzake kanuni za uchawi wa nchi isiyokuwepo. Pamba yake haijapaliliwa. Mkewe ameshatuma mtoto kumwita, na mtoto naye amekaa chini anasikiliza. Anachokijua hakiuziki mnadani wala hakiliki kwa ugali. Mtu wa namna hii akikosa msifiaji nchi nzima, tutakuwa hatuna haki, na mimi nitamsifu bila kubania.

Nianze na uvumilivu wake. Merlin, tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza mwaka 2008 ikaisha 2012, sizoni tano, episodi 65, na bingwa wetu amezimaliza zote, nyingine akizirudia kwa sababu memori kadi iligoma mahali patamu. Kisa chenyewe kwa asiyekijua: kijana Merlin amezaliwa na uchawi mwilini, anafika mji wa Camelot na kuwa mtumishi wa Arthur, mwana wa mfalme, na mfalme Uther ni mtu anayewaua wachawi wote anaowapata. Basi kuna swali linalowagawa watu pale bandani kuliko bei ya pamba. Kijana anayeweza kupunguza mwendo wa muda na kuita radi, kwa nini anabeba maji ya kuoga ya mtu anayemtukana kutwa? Kwa nini hakumroga mzee Uther siku ile ile ya kwanza, watu wakaenda kulala?

Mtu wa akili za kawaida atajibu kwamba angemroga, hadithi ingekwisha na waigizaji wangekosa kazi. Jibu hilo ni sahihi, na bingwa hulidharau kwa sababu hiyo hiyo. Yeye ana mizani.

Uchawi wa kule, anasema, una mizani, na ushahidi wake upo mwishoni mwa sizoni ya kwanza. Arthur ameng'atwa na mnyama asiyetibika. Merlin anakwenda kisiwani kwa Nimueh, mwanamke mwenye siri za Dini ya Kale, anatoa roho yake ili Arthur apone. Arthur anapona kweli, lakini anayeanza kufa ni mama yake Merlin. Mzee Gaius, mlezi wa Merlin, anakimbilia kisiwani kujitoa yeye. Merlin anafika, anagombana na Nimueh, anaita radi, Nimueh anakufa, na Gaius aliyekuwa amelala kama maiti anavuta pumzi. "Umeona?" bingwa anauliza. Roho moja ilidaiwa, roho moja imelipwa, na deni halikujali limelipwa na nani. Kwa hesabu hiyo ukimuua mfalme kwa uchawi utadaiwa roho yenye uzito wa mfalme, na katika nyumba ile roho ya uzito huo ni moja tu, ya Arthur mwenyewe. Merlin basi hakuwa mwoga, alikuwa mhasibu.

Benchi linanyamaza. Halafu kijana mmoja wa nyuma, wa wale wasiolipa kiingilio, anauliza mbona Merlin ameua majambazi wengi msituni na hakuna aliyedaiwa. Nilidhani nadharia imekufa. Bingwa hata hakugeuza shingo. Alisema majambazi wale waliangukiwa na matawi ya miti. Aliyeua ni tawi. Na ni kweli, kijana yule hupenda kuangusha matawi! Mawakili wa mjini wanalipwa fedha nyingi kwa hoja dhaifu kuliko hiyo.

Kuna kanuni nyingine, ya zamani kuliko Merlin, ambayo kila aliyekulia kwenye banda la video Tanzania ameinyonya pamoja na moshi wa jenereta: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataachwa jangwani, lakini hafi. Sasa mwaka 2012, katika episodi ya mwisho, Arthur alichomwa upanga na Mordred akafa, upanga wenyewe umetengenezwa kwa pumzi ya joka. Imani za watu zilitikisika. Ilichukua jioni moja tu kuitengeneza: Arthur hakuwa steringi. Steringi ni Merlin, jina lake ndilo lililoandikwa juu ya kava, na Merlin hakufa. Kanuni ilirudi mahali pake, ikiwa na nguvu zaidi.

Na mjue kwamba bingwa huyu anafanya kazi katika mazingira magumu kuliko wenzake wa Ulaya. Wale wanasikia Kiingereza cha mwigizaji. Yeye anamsikia DJ. Tangu enzi za marehemu Derek Mukandala, yule mashuhuri kwa jina la Lufufu, mtafsiri wa sinema hasimulii kilichosemwa tu; anaongeza majina ya mitaa, anamtania shabiki wa timu pinzani, anamsemesha jini mambo ambayo jini hakuyasema. Kwa hiyo zipo nadharia nzito pale Ziba zilizosimama juu ya sentensi ambayo haikuwahi kuandikwa na Mwingereza yeyote. DJ mmoja akisema Gaius alikuwa mchawi akaacha kazi, mwingine akasema alikuwa mganga wa serikali, tayari tuna madhehebu mawili. Ukinituma niwasuluhishe kwa kutafuta maneno ya asili, nitakataa. Nitakuwa nimeharibu elimu ya watu.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya kuiga, ya simu na fleshi. Hawa hawajui wanatoka wapi. Katikati ya karne ya 19 waganga wawili wa Usukumani, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa yenye nguvu. Badala ya kuuana wakaamua ngoma. Kila mmoja acheze na watu wake, na atakayevuta umati mkubwa ndiye mwenye dawa. Wakaacha nyuma yao Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mpaka leo hushindana baada ya mavuno, na Wasukuma walipohamia huku kwetu Igunga walikuja na ubishi huo pamoja na mifugo. Nauliza: hao watazamaji wanaohama kutoka uwanja huu kwenda ule, wakieleza kwa nini dawa ya Wagalu imelegea leo, kwamba labda kuna aliyevunja mwiko usiku, wanafanya nini kama si kazi ya bingwa wangu? Ngoma ile ni mashindano ya nadharia yenye vumbi.

Misafara nayo. Mnyamwezi aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo alitembea na kirangozi wa kuongoza njia mbele, na mganga hakukosekana msafarani. Miezi ya njia inahitaji maneno. Siamini kwamba watu wale walikaa kambini jioni bila kupangua dawa ya mtemi huyu na ya yule. Mirambo peke yake, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, angewatosha mpaka pwani. Na huko pwani wangekuta nadharia bora kuliko zote, ya Fumo Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa yule hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Hebu fikirieni ugumu wa swali hilo. Kwa nini shaba, chuma kilikosa nini? Kwa nini kitovu? Na mtu mwenye akili ya kufunga siri ya namna hiyo, alikosaje akili ya kutomwambia mwanawe? Karne zimepita na kitovu cha Liyongo bado kina maswali.

Kule Utah, Marekani, mwandishi Brandon Sanderson aliandika mwaka 2007 kanuni ambayo wapenzi wa riwaya za aina hii wanaitaja kama aya: mwandishi anaruhusiwa kumwokoa mhusika kwa uchawi kwa kadiri msomaji anavyouelewa uchawi huo. Tumpongeze. Bibi yeyote wa Unyamwezi angemwambia bure kwamba kila dawa ina mwiko wake, na mganga asiyekutajia mwiko amekuuzia majani.

Sasa nisifu kipaji kikubwa kuliko vyote, na hapa mniwie radhi nikipunguza kicheko. Nadharia ya uchawi haifi. Mwaka 1905 Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yatakayogeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mapema Agosti akanyongwa Mohoro. Mwishoni mwa mwezi huo huo waliokunywa maji walilikabili boma la Mahenge lenye bunduki za rasharasha, na risasi zilibaki risasi. Je, nadharia ilianguka? Ikasemwa kwamba waliokufa walivunja miko. Kwa hiyo maji yako sawa, mwenye makosa ni maiti. Kuna mahali ambapo akili ya kuziba tundu, ile inayotufurahisha ikisema aliyeua ni tawi, inakaribia sana kaburi.

Maana huku kwetu, Tabora na Shinyanga na Usukumani kote, kuna nadharia nyingine inayojadiliwa usiku na watu wasiokuwa na benchi. Nayo ina kanuni zake. Mtoto akifa ghafla kuna aliyemla. Aliyemla ana macho mekundu. Mwenye macho mekundu ni bibi yule wa nyumba ya mwisho, ambaye kwa bahati mbaya ana shamba. Bibi amepika miaka yake yote kwa kuni mbichi na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha, lakini moshi hauhesabiwi kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi imekuwepo tangu 1928. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya kumwagwa damu ya watu wenye ualbino. Lambalamba, wale wasaka wachawi, wakifukuzwa kijiji hiki wanapokelewa kijiji kile kwa kuchangiwa fedha. Vikongwe wengi wameshakatwa mapanga kwa nadharia ambayo bandani isingemaliza dakika tano.

Ndiyo, isingemaliza. Hii ndiyo sifa ninayotaka kumpa bwana wangu wa benchi. Yeye na wapinzani wake ni wakali. Nimueh akifanya jambo wanauliza: amelipa nini? Uwezo wake unaishia wapi? Kama anaweza hili, mbona jana hakuliweza? Nani mwingine alikuwepo? Mpigeni mpiga ramli maswali hayo manne na atadai nauli ya kurudi. Mwulizeni mganga wa kibao cha barabarani, mwenye dawa ya mvuto wa biashara na ya kurudisha mali iliyopotea, kwa nini baiskeli yake mwenyewe haina breki. Tatizo ni kwamba bingwa akitoka bandani anaziacha akili zake ndani pamoja na kiti cha plastiki. Nimemwona mtu aliyemzuia Merlin kumuua Uther kwa hoja ya mizani akitikisa kichwa kimya, msibani, wakati jirani ananong'ona jina la bibi. Sikusikia mtu akiuliza habari za matawi.

Ndiyo maana siungi mkono wazee na viongozi wa dini wanaotaka mabanda yafungwe mapema kwa kuwa yanafundisha ushirikina. Yanafundisha ubishi. Uchawi wa Camelot haujamtoa bibi hata mmoja kitandani usiku. Ningekuwa na madaraka, ningeagiza kila mpiga ramli anayeingia Igunga apelekwe kwanza pale bandani, akae mbele, aeleze mfumo wake mwanzo hadi mwisho kwa wale vijana wa nyuma. Kiingilio nitalipa mimi.

Kwa sasa wana kesi nyingine. Tamthilia ile inafungwa kwa picha ya kushangaza: Merlin mzee, ndevu nyeupe, anatembea kando ya barabara ya lami ya zama zetu, na lori linampita. Maana yake yuko hai, miaka mia kwa mia, anamsubiri Arthur arudi. Kwa watu wanaoishi mkoa ambao malori ya Mwanza yanapita usiku kucha kupitia Igunga na Nzega, jambo hilo halikuwa la kupuuzwa, na wapo waliolichunguza lori lenyewe zaidi ya walivyomchunguza mzee. Ikafuata nadharia kwamba sizoni ya sita ilitengenezwa, wakubwa wameificha. Ikafuata fleshi, kama ilivyotarajiwa, imeandikwa Merlin 6 kwa kalamu ya wino mzito, ikauzwa kwa bei ya juu kidogo. Ndani yake mlikuwa na Jumong, ile ya Wakorea ya mwaka 2006.

Mnunuzi alitaka kurudishiwa fedha zake. Bingwa alimzuia. Alimwambia atulie, atazame kwanza mpaka mwisho, kwa sababu mtu mwenye uchawi wa kugeuza sura, akimsubiri rafiki yake miaka yote hiyo na Uingereza nzima inamjua, angekwenda kujificha wapi?