Kata Tamaa, Ujenge Taifa

Serikali inayotaka kupunguza ukosefu wa ajira haina haja ya viwanda. Inatosha vijana wachoke.

Hesabu ni rahisi. Chukua watu 100: 90 wana kazi, 10 wanatafuta. Ukosefu wa ajira ni asilimia 10. Sasa watano kati ya hao 10 wanaishiwa nauli na pesa za kutoa fotokopi za vyeti, wanabaki nyumbani. Hawatafuti tena, basi wameondolewa kwenye hesabu kabisa: si wasio na ajira, wala si nguvu kazi. Wanabaki watano kati ya 95. Ukosefu wa ajira umeshuka hadi asilimia 5.3, na hajaajiriwa hata mfagizi mmoja. Pigeni makofi!

Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira sharti awe anaitafuta na yuko tayari kuianza. Aliyefanya kibarua cha malipo walau saa moja katika wiki ya utafiti, huyo tayari ana ajira. Hongera zake.

Afrika Kusini wana haya kidogo, hutangaza takwimu mbili. Robo ya kwanza ya 2024, moja ilikuwa asilimia 32.9, wakirudishwa waliokata tamaa na wenzao, 41.9. Ile ndogo ndiyo huitwa rasmi.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujatoka alfajiri na bahasha yako ya kaki, jiulize: kwa nini uiharibie nchi takwimu zake? Lala zako. Huo nao ni uzalendo.