Kama ni Baba, Unaasili Nini?

Kijana wangu ana miaka tisa, lakini mguu wake umeshabalehe. Kila muhula nashuka Kiborloni kumtafutia viatu vya mtumba, kila muhula namba imepanda. Ananiita baba. Walimu wananiita baba yake. Hata mama wa ndizi pale Mbuyuni akinidai, anamtuma yeye: "Mkumbushe baba yako." Asiyenitambua ni serikali peke yake.

Kaka yangu na mkewe walitangulia mbele ya haki mtoto akiwa bado anatambaa. Baada ya mazishi, kule Kibosho, ukoo ulikaa kihambani chini ya migomba, mbege ikazunguka, na kabla kata haijamfikia mzee wa mwisho nilikuwa nimeshapata mtoto. Hakuna fomu wala picha za pasipoti. Kikao hakikuzidi saa moja, na nusu ya muda huo wazee walikuwa wanabishana kama mbege imeiva.

Mwaka huu nikaenda kumwandikisha bima. Dada wa dirishani akakisoma cheti cha kuzaliwa, kisha akanisoma na mimi. "Jina la baba si lako." Nikamweleza kikao cha migombani. Akaniuliza muhtasari uko wapi.

Ndipo nikaambiwa nikamuasili. Nikadhani ni kazi ya Mahakama ya Watoto, maana anayehusika ni mtoto. Wapi! Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ombi la kuasili linapelekwa Mahakama Kuu. Kule kule kunakosikilizwa kesi za mauaji, na mimi nijipange na mwanangu wa viatu namba 37!

Sheria inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Akiwa ni ndugu wa mtoto, inatosha awe na miaka 21. Hapo nilipumua. Mimi nina 44, na mgongo una 60. Tena mahakama lazima iridhike kwamba sikupokea malipo yoyote ili nimchukue huyu mtoto. Malipo! Nikamwomba wakili aandike hapana kwa herufi kubwa, na ikiwezekana aambatanishe viatu.

Balaa likaanza kwenye ofisi moja hapo mjini, kwenye kisanduku cha "uhusiano na mtoto". Nikaandika: baba. Karani akainua miwani. "Kama ni baba, unaasili nini?" Nikafuta, nikaandika: baba mdogo. "Kumbe si baba." Jumapili nikayapandisha maneno hayo Kibosho kwa mama yangu. Alinyamaza kitambo, akaendelea kumenya ndizi, kisha akauliza huyo karani ni wa ukoo gani.

Mwisho akaja afisa ustawi wa jamii kukagua nyumba. Mke wangu alidekia hadi ukuta. Mama aliteremka na mkungu wa ndizi na sufuria ya mtori, akamfuata afisa chumba kwa chumba. Afisa alipoinama kuangalia anapolala mtoto, mama akaninong'oneza kwa sauti ya kufika barabarani: "Amepoteza nini chini ya kitanda?"

Afisa alikuwa mstaarabu. Alikunywa mtori, akasifia, kisha akamkalisha kijana kibarazani na kufungua faili.

"Unaishi na nani?"

"Na baba na mama."

Mama akanifinya kwa furaha. Afisa akapekua karatasi, akakunja uso.

"Na baba mdogo je?"

Kijana akashangaa swali jepesi namna hiyo. Baba mdogo anayemjua yeye ni mdogo wangu, yule anayerudi kila Desemba na kumletea mpira.

"Baba mdogo yuko Dar. Huku anakuja Krismasi tu."

Afisa akaandika. Akaandika muda mrefu.

Jana faili limerudi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Mwombaji haishi na mtoto. Aitwe kutoka Dar."