Keki Iliyozama

"Baba, nani ameikalia?"

Binti yangu aliuliza hivyo jana saa kumi jioni, mbele ya watoto kumi na wanne, mama mkwe, na jirani mmoja ambaye simu yake haitoki mkononi. Kabla sijajibu, picha ya keki ilikuwa imeshafika kwenye kundi la wazazi wa chekechea. Vile vikatuni vya kucheka hadi machozi nimevihesabu: 27.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtoto anatimiza miaka minne, mshereheshaji wa nini? Turubai la nini? Keki moja nioke mwenyewe, karanga, juisi ya ubuyu, mbio za magunia, watu waende kwao. Itakuwa na maana, nikasema, kwa sababu imetoka mikononi mwa baba yake. Mama mkwe aliitikia "Haya, baba" kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Oveni sina. Naomba mnivumilie hapa, maana ufundi wa kuokea kwenye sufuria naupenda hata baada ya kuumbuka. Unamimina mchanga mkavu wa korongoni ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, unaubandika upate moto. Mchanga hauna pupa: hupokea joto polepole na kuligawa polepole, kwa hiyo keki haiungui chini. Unaingiza bati lako, unafunika, kisha unapanga mkaa juu ya mfuniko, mwingi juu, kidogo chini. Keki inaiva kati ya mioto miwili kama mume wa wake wenza.

Vipimo nilipewa na shemeji yangu wa Dar es Salaam, ambaye keki zake hazina dosari. Ila yeye anaokea usawa wa bahari. Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu yake, na hewa ya huku ni nyepesi, haikandamizi sana. Hata maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Sasa bekingi pauda ikitoa gesi, gesi haipati wa kuizuia; keki inavimba kwa majivuno kabla unga na mayai havijashikana vizuri. Vijumba vya hewa vinapasuka, paa linaanguka. Dawa yake ni kupunguza pauda. Mimi niliongeza kijiko, kwa mapenzi.

Nilipofunua mara ya kwanza, niliona mlima. Nikaita watu waje washuhudie. Mara ya pili, bwawa la Hombolo.

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina Dodoma limetokana na neno idodomya, yaani imezama, baada ya tembo aliyekwenda kunywa maji kunasa topeni. Mama mkwe ni Mgogo wa Bahi. Aliinamia keki, akaitazama, akalitamka neno hilo moja tu, kisha akawakusanya watoto awasimulie kisa chote. Mtaani sasa ndilo jina langu.

Maputo yalimalizwa na upepo na uzio wa miiba. Juisi iliingia vumbi, ikanywewa.

Halafu maji. Aliyezaliwa lazima amwagiwe, ndiyo sherehe zetu. Lakini kwetu maji ya bomba hutoka siku mbili kwa juma, na ndoo tano tulizokuwa nazo zilikuwa za kupikia na kuogea mpaka Alhamisi. Wageni hawakuuliza. Walizimaliza zote, nyingine mgongoni kwangu. Hapa sicheki. Serikali imehamia huku, majengo ya wizara yanameta kule Mtumba, nami nimekaa na ndoo tupu nikimngoja muuza maji wa mkokoteni, ambaye bei huisoma usoni mwa mteja. Anayesema ni desturi aje na ndoo yake.

Lakini keki iliisha. Watoto walijaza juisi kwenye lile shimo wakanywea humo humo. Na leo asubuhi, kabla sijanawa uso (ningenawa na nini?), mtoto wa jirani kagonga mlango. Anataka kujua kama tembo ameshatoka.