Kompresa ya AC Inapiga Kelele: Washukiwa Sita

Joto la Dar mwezi Februari halina adabu, na fundi analijua hilo. Fika gereji na AC inayonguruma, hukumu inatoka hata boneti haijafunguliwa: "Bosi, kompresa imekufa." Usitoe pochi. Sikiliza injini ikiwa inawaka na AC imezimwa, kisha iwashe usikilize tena. Kipimo hiki ni cha bure, labda ndiyo maana hutangaziwi.

6. "Tak!" moja, basi. Ni klachi ya kompresa imeshika. Haina kosa, iachie. Ikiwa ni tak-tak-tak kila baada ya sekunde chache, nenda namba 3.

5. Kilio kikali ukibonyeza AC. Mkanda umelegea au umechakaa, unateleza kwenye puli. Wapo wanaoupaka sabuni: unanyamaza mpaka uvuke geti la gereji.

4. Vyuma vinagongana, gari linatetema. Kagua bolti zinazoshikilia kompresa. Huenda spana moja ikatosha, na jibu hilo fundi halipendi, halina bei.

3. Gesi. Hapa pesa nyingi za watu ndipo zinapotokomea. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli; ikipungua, imevuja. Oili ya kompresa husafiri nayo, kwa hiyo gesi ikiwa chache, oili hairudi vizuri na vyuma vinasagana vikavu. "Tuongeze kidogo" bila kutafuta tundu maana yake mtaonana tena. Ikizidi nayo ni balaa: presha inapanda, kompresa inagonga. Gesi hupimwa kwa gramu, na kiasi huwa kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kushika bomba na kusema "tayari, baridi hiyo" si kipimo.

2. Mngurumo hata AC ikiwa imezimwa. Beringi ya puli, kwa sababu puli huzunguka muda wote injini ikiwaka. Zima injini, toa mkanda, zungusha puli kwa mkono: ikikwaruza, mhalifu umempata. Kwenye magari mengi beringi hubadilishwa peke yake, gesi haiguswi. Halafu eti kompresa imekufa!

1. Kusaga chuma AC ikiwaka tu, huku mkanda, klachi na gesi viko sawa. Haya, fundi, safari hii umepatia. Lakini chembe za chuma zimeshasambaa: mabomba yasafishwe, draya (kifyonza unyevu) ibadilishwe, hewa inyonywe kwa pampu ya vakyumu kabla ya kujaza gesi.

Wenye Aqua na Prius (isipokuwa Prius ya kizazi cha kwanza), namba 6, 5 na 2 haziwahusu; kompresa yenu ni ya umeme. Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse, na oili ya kompresa za kawaida isitiwe humo.

Kabla ya kulipa, omba kompresa iliyotolewa. Ikitoa oili nyeusi yenye chembe za chuma na mabomba hayajasafishwa, usilipe: mpya nayo itakufa.